Je, Bwana Msa alikosa adui wa kumwinda?

Hadithi za upelelezi za Kiswahili zikizungumzwa, lalamiko moja halikosi kutokea, hasa kwa vijana waliolelewa na tamthilia za kwenye simu: hadithi zetu za Visiwani hazina adui. Mauaji yamo, ugomvi wa urithi umo, mtoto aliyefichwa asimjue babake yumo, na mpelelezi mwenye akili za ajabu yumo. Asiyekuwemo ni papa wa uhalifu, mtu mwenye bongo sawa na mpelelezi, anayeugeuza mchezo akaanza kumwinda yeye. Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi za Muhammed Said Abdulla, wanasema, anakaa kitini, anavuta kiko chake, anafikiri, anatoa jibu. Hakuna anayemrushia hata kijiwe.

Lalamiko hili si la kupuuzwa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda tuzo ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957–58 kwa hadithi iliyochapishwa 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale, na kuanzia hapo hadi Kosa la Bwana Msa, 1984, wahalifu wake ni watu wa nyumbani: jamaa, wenza, wenye siri za uzazi na tamaa ya mali. Mengi aliyachukua kwa Sherlock Holmes wa Uingereza. Kiko kimetoka huko. Rafiki anayeona kila kitu asielewe kitu, ambaye hapa anaitwa Najum, naye ametoka huko. Alichokiacha ni Profesa Moriarty, adui mkuu wa Holmes, na sidhani kama alimwacha kwa kusahau.

Tumwangalie huyo Moriarty vizuri, maana wanaomsifu wengi wamemsikia tu. Arthur Conan Doyle alimleta mwishoni mwa 1893, katika hadithi iliyoandikwa kwa nia moja: kumuua Holmes, kwa sababu mwandishi alishamchoka na alitaka nafasi ya kuandika riwaya za kihistoria. Holmes si mtu wa kufa kwa homa, kwa hiyo akahitajika muuaji anayemfaa. Ghafla anatokea profesa wa hisabati ambaye wasomaji hawajapata kumsikia, anayesemwa kuwa nyuma ya nusu ya maovu ya London, na Holmes anatimka: treni, meli, Brussels, hadi Uswisi kwenye maporomoko ya Reichenbach. Ni mbio za kusisimua, sikatai. Lakini jaribu kuhesabu maovu ya Moriarty ambayo msomaji anayashuhudia yakipangwa na kutendeka. Karibu yote tunasimuliwa, na msimulizi ni Holmes mwenyewe. Watson, rafiki wa Holmes na shahidi wetu siku zote, anamwona profesa kwa mbali tu. Mwaka 1903 Holmes akarudishwa duniani kwa sababu wasomaji walimdai; Moriarty hakufufuliwa. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

Sasa rudi Unguja. Hadithi ile ya kwanza ya Bwana Msa inaweka kifo mzimuni, mahali ambapo kila mtu ana jibu tayari kabla maiti haijapoa: mzimu umefanya yake. Ushujaa wa Bwana Msa ni kulikataa jibu hilo. Anawaambia watu kwamba aliyeua ana mikono, ana viatu, ana sababu, na huenda jana mmekunywa naye kahawa. Kwa mwandishi wa visiwa hivi, miaka ile, huo haukuwa mchezo wa kujifurahisha tu.

Mchukue basi yule papa wanayemtaka vijana, umweke ndani ya hadithi hiyo. Anajua yote, haonekani, mkono wake uko kila mahali, na kila balaa ukilifuata linafika kwake. Huyo tunaye zamani. Ndiye mwanga, mchawi wa usiku, ndiye mkuu wa Giningi kule Pemba tunakohadithiwa kwamba wachawi hukutana. Amevuliwa kaniki akavikwa suti tu. Mwaka 1995 Popobawa, pepo anayesemwa kuwavamia watu usiku, alianza kuzungumzwa Pemba kisha akavuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi, wakikoka moto usiku. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, hofu zilikuwa nyingi na za kila aina, na zote zikapata mwenyewe mmoja mwenye mbawa. Nasema hivi si kwa kuwacheka waliolala nje. Nasema kwamba wazo la mtu mmoja aliyejificha aliye nyuma ya kila ubaya halijatupungukia hata tulihitaji kuliagiza London.

Ningeweza kuishia hapo na kumpa Bwana Msa ushindi. Lakini Bara wana hoja yao, na ni nzito. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, aliwindwa usiku na mchana, na maadui zake hawakuwa wa kubuni kwa ajili ya kumaliza hadithi. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963. Makaburu na Wareno walikuwa na wapelelezi, fedha na orodha za majina. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, alifungua kifurushi chenye kitabu, papo hapo Dar es Salaam, kikamlipukia akafa. Mwandishi aliyeishi katika mji huo akaandika habari za mtu anayewindwa na akili kubwa isiyoonekana, utamwambia anaamini mizimu? Aliandika alichokisoma gazetini.

Na asije mtu akasema kisiwa hakiwezi kufuga papa. Sicily ni kisiwa. Hakimu mpelelezi Giovanni Falcone aliifungua Mafia kwa kazi ya kuchosha ya kufuata hundi za benki, karatasi kwa karatasi, hadi kesi kubwa ya Palermo ya 1986–87 ikawatia hatiani watu zaidi ya 300. Tarehe 23 Mei 1992 wakamlipua barabarani akitoka uwanja wa ndege, yeye, mkewe na walinzi watatu. Chini ya miezi miwili baadaye wakamuua mwenzake, Paolo Borsellino. Mpelelezi mwenye akili akiwindwa na mkuu wa wahalifu: hiyo hapo, haina chembe ya ubunifu.

Lakini angalia mkuu huyo alikamatwa wapi. Totò Riina, aliyeamuru mauaji hayo, alisakwa zaidi ya miaka 20, na Januari 1993 akakutwa Palermo, mjini, si pangoni wala ng'ambo. Alikuwa na nyumba, watoto wake walikuwa na skuli. Walikuwepo waliomuuzia mkate, waliomtibu, waliompisha njiani. Kilichomficha ni watu kunyamaza, wengine kwa hofu, wengine kwa faida, wengine kwa mazoea tu. Ukubwa wa bongo lake haukuwa na kazi kubwa hapo. Nadhani hapa ndipo pande mbili za mabishano haya zinapokaribiana bila kujua: papa yupo kweli, na amefanywa na majirani.

Hadithi ya namna hiyo Zanzibar inaiandika nani? Mali ghafi imejaa. Chukua magendo ya karafuu. Kwa miaka mingi karafuu ya Pemba ilitakiwa iuzwe kwa shirika la serikali, ZSTC, na kila bei ya Mombasa ilipozidi ya nyumbani, magunia yalipata miguu. Tuna kikosi kizima, KMKM, ambacho jina lake kamili ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Nchi haiundi kikosi kwa jambo dogo. Sasa fuata gunia moja. Mchumaji analipwa kwa pishi na haulizi. Mwenye shamba ana deni la harusi ya bintiye, anauza usiku. Kijana wa jirani anabeba hadi bandari bubu, analipwa papo hapo. Nahodha anajua upepo na anajua doria inapita saa ngapi, kwa sababu kuna mtu amemwambia. Upande wa pili, Vanga au Shimoni katika pwani ya Kenya, kuna shemeji. Muulize yeyote kati yao kama ni mhalifu, atakushangaa. Na juu yao yuko mmoja mwenye daftari, ambaye Ijumaa yuko safu ya mbele, aliyechimba kisima cha kijiji, na Ramadhani anatoa futari.

Huyo angemtoa jasho Bwana Msa kuliko profesa yeyote. Kumjua si shida; kila mtu anamjua, pengine hata Najum anamjua. Shida ni kupata mtu mmoja wa kutia sahihi chini ya maneno yake.

Na angemwinda vipi mpelelezi? Mbio za Holmes hazifai hapa. Mpelelezi akipanda boti Malindi ya Unguja jina lake liko kwenye tiketi, akishuka Mkoani, Pemba, habari zimeshafika Wete kabla ya daladala. Tatizo hilo hilo analo mtu aliyetumwa kumuua: mgeni akikaa barazani dakika tano ameulizwa mtoto wa nani, kafikia kwa nani, na kama kashakula. (Hapo pana kichekesho kizuri, kwa mwandishi atakayekitaka.) Silaha ya papa wa kisiwani ni nyingine, na Wapemba wanaijua. Baada ya uchaguzi wa 1995 watu walisusiana kwa vyama: duka hili halinunuliwi, harusi ile haiendwi, hata maziko yakasusiwa. Mambo yalianza kulegea hasa kwa Maridhiano ya CCM na CUF ya 2009 na kura ya maoni ya 2010 iliyokubali serikali ya umoja wa kitaifa. Mwandishi aichukue silaha hiyo aitie mikononi mwa mtu mmoja mwenye daftari. Mpelelezi anatoa salamu haijibiwi. Mwenye duka anasema sukari imekwisha, na gunia liko nyuma yake. Mkewe haitwi shughulini. Mama yake anafariki, na wabeba jeneza hawatimii.

Wapenzi wa mbio watasema hilo si windo, hakuna bastola. Nami nawakubalia nusu. Msomaji wa hadithi ya upelelezi ana haki ya kushika roho, na kitu kimoja ambacho Bwana Msa hakutupa ni hofu kwamba yeye mwenyewe anaweza kupoteza. Anafumbua, anamkabidhi polisi, anawasha kiko. Hatumwoni akirudi mtaani kesho yake kuishi na dada wa mtu aliyemfunga. Hilo ni pengo la kweli, na vijana wameliona sawasawa, ila wanataka kulijaza na mtu wa kigeni mwenye suti.

Nikipewa nafasi ya kuchagua, ningechukua papa wa daftari, lakini kwa sharti moja gumu kwa mwandishi: asimfanye mjanja kuliko alivyo. Akishaanza kubashiri kila hatua ya mpelelezi, kutega mitego ndani ya mitego na kucheka peke yake gizani, tumesharudi Giningi. Aachwe awe mtu wa kawaida mwenye kumbukumbu nzuri ya nani anadaiwa nini. Na Najum, ambaye miaka yote alikuwa wa kushangaa tu, apewe deni dogo katika daftari hilo.