Book of Dead ni tamu kweli, ila angalia asilimia kabla hujazungusha

Book of Dead ya kampuni ya Play'n GO ni ile sloti, gemu ya kasino ya kuzungusha alama, ya Misri ya kale iliyotoka 2016, na mpaka leo watu wanaibishania, mmoja anakwambia hakuna sloti kama hii mwingine anakwambia ni mashine ya kunyonya hela. Mi naona wote wana hoja ila wanaongelea vitu viwili tofauti.

Utamu upo, tusidanganyane. Gemu haina mambo mengi, rili 5 (zile safu zinazozunguka), mistari 10 ya malipo, na kitabu chenye kazi mbili: kinasimama badala ya alama yoyote, na vikitokea 3 unapewa mizunguko 10 ya bure, ndo bonasi yenyewe. Kabla haijaanza, kurasa zinapekuliwa zenyewe mpaka zisimame kwenye alama moja, na hiyo alama ikitua kwa idadi ya kutosha inajaa rili nzima na inalipa hata kama rili hazijafuatana. Yaani zile sekunde za kurasa kupekuliwa moyo unadunda, unaomba zisimame kwenye alama ya mtafuta hazina maana akijaa skrini nzima unalipwa mara 5,000 ya dau. Wazo sio lao, Book of Ra ya Novomatic ilitangulia, lakini hawa wamelinogesha.

Sasa hiyo mara 5,000 ni adimu mno. Unaweza kupiga spini mia mbili bonasi hujaiona, halafu ikija inakuchagulia J, ile alama ya karata inayolipa kidogo, unatoka na vichenji. Ndo ilivyotengenezwa, wala sio kwamba umeonewa.

Kinachoniuma mimi ni RTP, yaani asilimia ya madau ambayo gemu inarudisha kwa wachezaji kwa wastani. Toleo kamili linarudisha 96.21%, lakini wengi hawajui kuna matoleo mengine ya gemu hiihii na kasino ndo inachagua, 94.25, 91.25, 87.25, hadi 84.18. Picha zilezile, mziki uleule, hakuna kitu kwenye skrini kitakachokushtua. Piga hesabu: kila 1,000 unayozungusha, la 96.21 linakula wastani wa 37.9 na la 87.25 linakula 127.5, zaidi ya mara tatu! Na hiyo 1,000 sio uliyoingia nayo, ni jumla ya madau yote, ukipiga spini 600 za dau la 1 umezungusha 600 hata kama uliweka 50 tu, maana ushindi mdogomdogo unaurudisha mlemle.

Kuhusu Misri yenyewe, imepambwa vizuri ila haina kina. Kitabu cha Wafu cha kweli hakikuwa kitabu kimoja kilichofichwa, yalikuwa maneno ya kumlinda marehemu, yakiandikwa kwenye mafunjo na kuzikwa naye, na hilo jina lilienezwa na Mjerumani Lepsius, mtaalamu wa Misri ya kale, mwaka 1842. Anubis, mungu mwenye kichwa cha mbweha, humo yupo kwenye mizani, moyo wa mtu unapimwa na unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli. Kwenye gemu ni alama ya kulipa basi, na mi naona wamepoteza kitu kikubwa, ile mizani peke yake ingetosha kuwa bonasi.

Kwenye kudhibiti sloti za mtandaoni, Uingereza wameenda mbali kidogo: tangu Oktoba 2021 spini lazima ichukue angalau sekunde 2.5 na kujizungusha yenyewe ni marufuku, na 2025 wakaweka kikomo cha dau, pauni 5 kwa wenye miaka 25 na zaidi, pauni 2 kwa wa 18 hadi 24. Wapo wanaolalamika gemu imepooza. Mi naona imekuwa bora, maana kasi ndo inayokula hela kuliko hata asilimia.

Kwa hiyo mi nikikuta 96.21 na dau langu dogo nacheza, nafurahia zile kurasa. Juzi nimefungua kasino moja, nikaingia kwenye maelezo ya gemu nikakuta 87.25, nikafunga hapohapo bila kupiga hata spini moja.