Si Kweli Kwamba Podo Liliniuma

Tuanze na ile video mnayotumiana, ya mtu na mbwa wanaogombania ngozi mbele ya watu. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, ile ni ngozi ya mbuzi. Mbwa simjui, hatujawahi kuonana. Na yule anayecheka mpaka simu inatikisika ni rafiki yangu kinyozi wa Kamalondo, hapa kwetu Lubumbashi, ambaye tangu Jumamosi jioni anamsimulia kila anayekaa kwenye kiti chake kwamba podo, yaani ule mfuko wa mishale, liliniuma mgongoni nikalia. Sikulia. Macho yalitoka maji kwa sababu ya mkanda kooni, na huo mkanda zamu yake itafika.

Mnaonifuata hapa mnajua habari za ule mchezo wa kuigiza, niliwasumbua nao mwezi mzima. Wageni wajue tu kwamba nilipewa kuwa Mbidi Kiluwe, yule mwindaji wa hadithi za Waluba wa Kongo aliyetoka mashariki akamkuta mfalme Nkongolo hana adabu: anakula mbele za watu, anacheka kinywa wazi. Mbidi ndiye mstaarabu. Mbidi hali watu wakimtazama, Mbidi hachekicheki ovyo. Yaani katika mchezo mzima mtu mmoja tu alitakiwa aonekane nadhifu, nao wakanichagua mimi.

Kiongozi wetu alikuwa na podo tayari, bomba la plastiki lililopakwa rangi ya kahawia. Nikasema wapi! Wazee wetu walibeba mishale ndani ya bomba la choo? Niachieni, nitatengeneza la ngozi, la kweli, lenye manyoya yake. Kumbukeni huyu anayesema hivyo hajawahi kushona hata kifungo.

Ngozi niliipata kwa muuza michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, wa mtaani kwetu Katuba. Akaniuliza kama ninawamba ngoma. Nikamwambia podo. Alinyamaza kidogo, halafu akaniachia na mkia bila kuongeza bei. Ule mkia ukaeni nao akilini.

Sasa hapa ndipo nilipojiona profesa, kwa sababu nilikuwa nimesoma. Nilisoma hata habari za yule mtu wa barafu aliyepatikana mwaka 1991 milimani, mpakani mwa Austria na Italia, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Alikuwa na podo la ngozi, ndani mna mishale 14, miwili tu ndiyo imekamilika. Na ubavuni mwa podo fito ya mti, ili lisijikunje. Nikaiona ile fito nikaipuuza. Mtu mwenyewe alikufa kwa mshale wa begani, kwa hiyo sikumhesabu kuwa mshauri.

Ngozi mbichi ina upande wa ndani ambao mbuzi hakukusudia tuuone. Kuna utando mweupe, kuna vipande vya nyama, kuna mafuta yanayoteleza kama sabuni. Vyote hivyo unakwangua mpaka vidole vinakufa ganzi, kisha unamwaga chumvi, tena si ya kuonja, ya kufukia. Mimi nilikwangua kwa kisu cha mkate. Nilipofika shingoni, penye mafuta mengi, nikachoka. Nikasema chumvi itamalizia.

Chumvi haimalizii kazi ya mtu.

Kuilainisha, wajuzi wanachukua ubongo wa mbuzi, wanaupaka, wanasugua na kuvuta ngozi mpaka inakubali, halafu wanaitia moshi ili siku ikilowa isirudi kuwa ubao. Ubongo, muuza michopo alikuwa ameshauuza, ana mteja wake anaupenda na pilipili. Moshi nilijaribu juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Dakika ishirini hazijaisha, mama mwenye nyumba akatokea mlangoni na kitambaa puani. “Weye! Unapika nini pale? Iko inanuka manywele!” Nikazima. Kwa hiyo nilichobaki nacho hakikuwa ngozi iliyotengenezwa, kilikuwa mbuzi aliyekauka nusu. Na ngozi ya namna hiyo ikilowa inakuwa laini kama soksi, ikikauka inajivuta kwa nguvu zote. Si ndiyo maana ngoma inalia? Nilijua hayo. Nilikuwa nayajua kabisa!

Wanaojua wanaishona ikiwa imelowa, wanajaza mchanga mkavu ndani, inakauka na umbo lake, mchanga unamwagwa, kwisha. Mimi nikawaza, mchanga wa nini na mishale ninayo? Nikaingiza mishale yangu sita ya matete, yenye manyoya ya kanga, ili podo liizoee. Ndivyo nilivyosema, “liizoee”, kama mtoto na shule. Nikaianika juu ya bati. Mwezi wa nane. Mnaoishi Lubumbashi mnaujua upepo wa mwezi wa nane, unaweza kukukausha mate ukiwa katikati ya neno.

Siku ya nne podo lilikuwa limepinda kama ndizi. Nikaligonga kwa kucha, likasema ko! Nikafurahi. Nywele nilikuwa nimezishona zikielekea juu badala ya chini, kwa hiyo lilionekana kama paka aliyeshtuliwa, lakini gumu lilikuwa gumu. Sikujaribu kutoa mshale hata mmoja. Kinyozi ananiuliza kwa nini. Ndugu yangu, kitu kimeingia, nikifikirie kutoka kwake kwa nini?

Ndani ya taksi-basi mama mmoja mwenye beseni la samaki wakavu alihama kiti. Samaki wakavu, jamani. Hapo ningepaswa kushuka nirudi nyumbani.

Tulicheza kwenye uwanja wa shule moja, viti vya plastiki mstari kwa mstari. Mstari wa mbele, katikati kabisa, alikaa kambo, yaani babu, wa mchumba wangu, mzee wa miaka yake, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa hajawahi kuniona. Familia walimleta ili amwone kijana anavyojiheshimu.

Msimulizi akatangaza: “Mbidi Kiluwe akachomoa mshale!”

Nikapeleka mkono wa kulia nyuma ya bega, polepole, kama nilivyofanya mazoezi mbele ya kioo bila podo. Vidole vikagusa manyoya ya kanga. Nikashika. Nikavuta. Mshale haukuja. Lilikuja podo. Lilipanda lote mgongoni, na mkanda, ambao nao niliukata kwenye ngozi ile ile, ukapanda nalo mpaka hapa, kwenye koromeo. Nikaachia, podo likashuka. Nikatabasamu, halafu nikakumbuka Mbidi hatabasamu ovyo, nikafunga mdomo. Nikavuta tena. Podo juu, mkanda kooni, macho maji. (Hayo ndiyo machozi ya kinyozi.) Kimya uwanjani. Mahali fulani mtoto akauliza, “Mama, anajinyonga?”

Msimulizi, mtu mwema, akarudia kwa sauti ya juu zaidi: “AKACHOMOA MSHALE!”

Nkongolo, ambaye siku za kazi ni fundi wa magari, akaninong'oneza kutoka kwenye kiti chake cha enzi: “Chomoa basi, yaya,” yaani kaka. Nikavua podo. Nikaliweka katikati ya magoti, nikainama, nikashika manyoya kwa mikono miwili mbele ya watu wote pamoja na kambo, nikavuta kwa nguvu za ukoo mzima. Kitu kikakubali. Nikanyanyua mkono juu kwa ushindi kabla sijatazama nimeshika nini. Nilikuwa nimeshika manyoya. Matete yamebaki ndani, yamebanwa kama meno, na mimi nimesimama na manyoya ya kanga mkononi.

“Ananyonyoa kuku!” yule mtoto tena. Sijui ni wa nani, lakini nitamjua.

Sasa pale chini, kati ya miguu yangu, ule mkia wa bure ulikuwa unaning'inia. Na ile shingo niliyoiachia chumvi ilikuwa imepigwa na jua la saa tisa, ikaanza kutuma habari. Mbwa alitokea upande wa jikoni. Hakukimbia. Alikuja anatembea kama mtu aliyealikwa, akanusa podo, akanitazama, nikamtazama, akaukamata mkia. Mimi nikavuta huku, yeye akavuta kule. Sijui niliwaza nini, nadhani niliona aibu kunyang'anywa. Tukazunguka mara mbili, mimi na kanga yangu ya kiunoni inaanza kulegea, mbwa anaunguruma, mishale inagongana ndani ngwara ngwara lakini kutoka haitoki. Na Nkongolo akaanza kucheka. Kinywa wazi, mikono tumboni, machozi yanamtoka. Ndivyo hasa alivyotakiwa kucheka kwa mujibu wa hadithi! Katika kundi zima ni yeye tu aliyecheza kama ilivyoandikwa, na wazee wakampigia makofi.

Mkia ukakatika. Mengine ni mafupi: nikaanguka kwenye kiti cha enzi, kikavunjika, mbwa akaondoka na chake, msimulizi akasema Mbidi Kiluwe akarudi mashariki, mchumba wangu hakupokea simu mpaka Jumapili mchana. Kiti nimelipa.

Ila kabla sijatoka uwanjani kambo aliniita. Nikapiga goti. Alikuwa ameshaliokota podo, analigeuza geuza, anaingiza kidole gumba mdomoni mwa podo, anapima mshono.

“Mwana, wakati ulishona, ulitiamo muchanga?”

“Hapana, kambo.”

“Ulitiamo nini?”

“Mishale.”

Alinitazama kwa muda mrefu. “Eh,” akasema. Akaligeuza tena. “Eh.” Kisha akalibana kwapani akaenda nalo, na nasikia usiku ule alilizamisha kwenye beseni la maji, asubuhi mishale mitano ikatoka yenyewe bila kuombwa. Wa sita anaendelea nao.

Leo amemtuma mchumba wangu aniambie Jumapili wanachinja mbuzi, nije mapema na ndoo ya mchanga mkavu. Mkia, amesema, safari hii atabaki nao yeye.