Diwani mpenda michezo? Nionyesheni uwanja

Diwani aliyekaa vipindi vitatu au vinne akifariki, wasifu wake unaosomwa msibani haukosi sentensi hii: "Marehemu alikuwa mpenda michezo." Ukiuliza aliipendaje, utatajiwa jezi, mipira, na Kombe la Mbuzi, lile ambalo bingwa huzawadiwa mbuzi, lililochezwa uchaguzi ulipokaribia.

Sibezi. Seti ya jezi kwa timu ya mchangani ni jambo kubwa, na madiwani wa aina hii mara nyingi wanawajua vijana kwa majina kuliko afisa michezo wa halmashauri. Ila jezi huchakaa kabla miaka 5 haijaisha. Mpira unaopigwa kwenye changarawe ndio kabisa.

Mimi namhukumu kwa kiwanja. Maeneo ya wazi Dar es Salaam yamekuwa yakigeuka fremu za maduka, gereji na nyumba za watu, na eneo lisilopimwa wala kuwa na hati ndilo jepesi kuvamiwa. Pa kulitetea ni kwenye Baraza la Madiwani na kamati zake, kwenye makabrasha na vikao virefu vya kubadili matumizi ya ardhi ambavyo hakuna anayevipiga picha. Aliyekalia kiti hicho miaka 20 ameinua mkono mara nyingi humo. Aliuinulia nini?

Na hati iandikwe jina la nani? CCM Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya na Majimaji wa Songea ni viwanja vya enzi za chama kimoja, na michango ya wananchi ilihusika. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, viwanja vikabaki mali ya CCM, na manung'uniko hayajaisha mpaka leo. Kiwanja cha mtaa kiwe cha halmashauri au cha shule, kisiwe cha diwani wala chama chake.

Mbwana Samatta alipitia African Lyon, timu iliyozaliwa kwa jina la Mbagala Market, kisha Simba na TP Mazembe, na Januari 2020 akatua Aston Villa. Kipaji kama hicho kinahitaji pa kukimbilia kwanza, jezi baadaye.

Kwa hiyo mgombea akija na mbuzi wake, tumle. Halafu atutajie kikao alichosimama kutetea kiwanja chetu. Akikitaja, kura yangu anayo hata kama hajui kupiga danadana.