Mwache Apite, Huyo Ana Haraka

Wale mliotumiwa ile sauti kwenye grupu la madereva, tulieni kwanza. Jamaa yangu anadai tela lilinipita huku limewasha indiketa. Muongo. Indiketa ya tela inapata umeme kwenye plagi ya pini saba, na muda huo plagi ilishachomoka kitambo. Mengine yote aliyosema ni kweli, ila amesimulia kama mtu asiyejua springi wala boli. Acha nisimulie mwenyewe, kiufundi.

Pikapu yangu mnaijua. Land Cruiser HZJ75, injini ya 1HZ, ujazo wa sisi (cc) 4,164, silinda sita, haina tabo ya kuisukumia hewa ya ziada. Haikimbii, lakini haikulazi porini. Tela ni la kambi: mahema ya turubai, magodoro, jiko, tangi la maji, mitungi miwili ya gesi. Likijaa ni kilo 1,500. Safari ni Arusha hadi Karatu, na kwenye safari hiyo kuna kile kipande cha kupanda ukuta wa Bonde la Ufa ukishaiacha Mto wa Mbu. Ukikipanda na rejeta chafu, unafika juu ukiwa mvuke.

Kwa hiyo gari niliiandaa. Niliiandaa haswa, na hapo ndipo jamaa aliporuka sehemu nzuri yote.

Rejeta ilishushwa ikapelekwa kwa mafundi wa Unga Limited, pale pale Arusha, wakafungua tangi la juu na la chini wakazibua mirija mmoja mmoja. Kumwagia maji ya bomba ukasema umesafisha ni kujidanganya. Termostati mpya ya nyuzi 82, kulanti nusu kwa nusu na maji. Halafu klachi ya feni, inayoishika feni izunguke na injini, ambayo watu wengi hawaigusi kabisa. Zima injini ikiwa ya moto, sukuma feni kwa mkono. Ikijizungusha raundi kadhaa yenyewe, klachi imekufa. Mlimani unatambaa kilomita 25 kwa saa, upepo wa barabarani hakuna, feni ndiyo kila kitu. Yangu ilifunguliwa ikaongezwa oili ya silikoni, ile nzito ya namba 10,000, ikaanza kunguruma kama inavyotakiwa.

Nozeli, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, zilipimwa zote sita. Fundi akaniuliza, "Mzee, nikufungulie pampu kidogo ipate nguvu?" Nikakataa. Gari haina tabo, hewa inayoingia ni ile ile. Dizeli ya ziada inatoka kama moshi mweusi na inapandisha joto kwenye vichwa vya pistoni. Mkandarasi wa barabara mwenyewe hawezi kukuwekea lami nyeusi kama moshi wa 1HZ iliyofunguliwa pampu.

Nyuma niliongeza bamba moja la springi kila upande. Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ni mtego. Kwenye ekseli ya nyuma kuna kivali cha breki chenye fimbo, kinachopima gari limebonyea kiasi gani ndipo kigawe nguvu ya breki. Ukiinua springi bila kurekebisha ile fimbo, kivali kinadhani umepakia hewa, kinazinyima breki magurudumu ya nyuma. Mimi niliirekebisha. Brek fluidi nayo nikaimwaga yote: DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ila ikishanyonya unyevu miaka miwili mitatu inashuka hadi karibu 140. Mteremko wa kurudi kutoka Rhotia, kule juu kabla ya Karatu, unazifikia hizo nyuzi bila shida, halafu pedali inalala sakafuni.

Mnaona wenyewe nilivyo makini? Endeleeni kusoma.

Nikapima hadi uzito wa pua. Pua ya tela inatakiwa ilalie gari kwa kama asilimia 10 ya uzito wote. Ikiwa nyepesi, tela linaanza kuyumba kushoto kulia na linakuvuta nalo. Kilo 150 huwezi kuziweka kwenye mizani ya bafuni, itapasuka. Unachukua ubao imara: upande mmoja unalalia tofali, mwingine unalalia mizani, katikati yao sentimita 90. Pua unaishusha juu ya ubao, sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Mizani itabeba theluthi tu, wewe unazidisha kwa tatu. Ikasoma 51. Mke wangu, ambaye ndiye mwenye mizani, akachungulia: "Hamsini na moja? Hiki ndicho kimekuweka uani tangu asubuhi?" Nikamwambia zidisha kwa tatu. Mnajua alivyonitazama.

Kwa hiyo kilo 153. Safi kabisa.

Sasa boli, yaani lile tufe la chuma nyuma ya gari ambalo mdomo wa tela unalikalia. Boli la kuvutia lilikuja na gari. Nililipiga msasa, nikalipaka rangi nyeusi ya kung'aa, likapendeza mno hata nikalipiga picha (mliipenda ile picha, msijifanye hamkuiona). Chini ya rangi yangu nzuri kulikuwa kumegongwa maandishi: 1 7/8. Hizo ni inchi. Maana yake milimita 47.6. Mdomo wa tela ni wa milimita 50. Komeo linafunga, pini inaingia, ukilitingisha kwa mkono unaona limeshika. Namna ya kulijaribu ni kufunga komeo, kisha kuinua pua kwa jeki mpaka matako ya pikapu yaanze kunyanyuka nayo. Boli dogo litachomoka hapo hapo, nyumbani, mbele ya kuku tu.

Minyororo ya usalama nilifunga, yote miwili, nimeipishanisha chini ya pua kama inavyotakiwa. Na ule waya mwembamba unaovuta hendibreki ya tela likikatika, nao nilifunga. Nilivifunga wapi? Kwenye bampa. Bampa yenyewe ni bomba la urembo lililoshikwa na bolti mbili nyembamba. Na kibati cha namba cha nyuma kilikuwa hapo hapo. Kumbukeni hicho kibati.

Tumefika Makuyuni, mpishi akasema maji ya kule juu hayaamini. Akajaza madumu manane ya lita 20, akayafunga kwenye keria ya nyuma kabisa ya tela. Mimi nakunywa chai. Hesabu nilikuja kuifanya baadaye: kilo 160, mita mbili nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi boli ni mita tatu. Pua imepunguziwa kama kilo 107. Kwenye boli zimebaki kilo 46, na boli lenyewe ni la saizi ya watu wengine.

Mto wa Mbu, tuta la kwanza pale sokoni. Pikapu ikapanda, ikashuka. Nyuma ilipodidimia, boli likashuka nayo, na pua ya tela haikuona sababu ya kulifuata. Ikasikika kong. Nikasema, "Hili tuta wamelijaza." Kisha ikasikika kama mtu anakung'uta sufuria. Ndiyo bampa inaaga, ila mimi nina 1HZ inayonguruma mbele na redio ya taarabu, nimejuaje?

Hapo hapo gari ikapata nguvu.

Jamani. Gia ya tatu, mguu nimegusa tu, pikapu inaondoka kama haijabeba kitu. Nikamgeukia jamaa yangu, nikamwambia maneno haya, na kwenye sauti ameyanukuu bila kukosea: "Unasikia nozeli zilivyopimwa? Unasikia lakini? Tela halijulikani kama lipo!"

Halikuwepo.

Mbele kuna tuta la pili, nikashika breki. Nawaeleza breki ya tela la aina hii inavyofanya kazi: mdomo unasukumwa ndani pale tela linapolisukuma gari, ndipo breki zinabana. Bila gari mbele yake hakuna wa kusukumwa, kwa hiyo hakuna breki. Kigurudumu cha mbele cha tela nilikiacha kimening'inia chini kidogo kwa sababu mkono wake una kutu. Pua ilipoanguka, ilitua juu ya hicho kigurudumu, ikaendelea na safari. Lami imeinama kuelekea pembeni ili maji ya mvua yatiririke, na tela likafuata njia ya maji, kushoto.

Jamaa akiwa dirishani: "Kaka, kuna mtu anatupita kushoto."

Mimi, bila kugeuka: "Mwache apite, huyo ana haraka."

Kimya kidogo. "Kaka, hana gari."

"Nani?"

"Huyo anayepita. Ni tela tu." Kimya tena. "Kaka, lina godoro langu."

Nikageuka. Lilikuwa usawa wa dirisha letu, halina papara, kasi ya baiskeli ya muuza maziwa. Madumu manane yanatikisika nyuma. Mbele linaburuza bampa kwa minyororo miwili, iliyopishana vizuri kabisa, na waya wa hendibreki umelegea juu yake kwa amani. Kwenye bampa, kibati cha namba kinatazama juu. Namba yangu. Nimepitwa na mimi mwenyewe.

Mwenye bodaboda akalipisha. Mzee mmoja akalipungia mkono. Lenyewe likakunja taratibu, likaacha lami, likaingia kwenye banda la ndizi, zile nyekundu, likasimama kwenye rundo la mikungu. Fyuuu. Hakuna aliyeguswa, mama mwenye banda alikuwa kaenda kwa jirani kuchenji pesa. Akarudi akakuta mgeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili lako?"

Nikafikiria kukana. Kibati kilikuwa kinanitazama.

Trafiki naye akafika, mpole, na huo upole ndio uliouma. Akazunguka tela, akazunguka pikapu, akauliza, "Sasa ndugu dereva, kwa mujibu wa namba, gari ni lipi kati ya haya mawili?" Soko zima likacheka. Jamaa yangu alikuwa ameshaanza kurekodi.

Yaliyobaki nayapeleka haraka. Nililipa ndizi, zilizopondeka na zisizopondeka. Boli la milimita 50 likaja na basi kutoka Arusha. Minyororo ikahamia kwenye chesisi kwa shakeli za milimita 10, waya ukafungwa kwenye chuma cha kuvutia chenyewe, kibati kwenye bodi, madumu juu ya ekseli. Ukuta wa Bonde la Ufa tuliupanda kwa gia ya pili, mshale wa joto haukutikisika, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kuhusu hilo.

Mnaouliza boli la zamani liko wapi na kama nauza: siuzi. Mpishi amelichukua, anapondea vitunguu saumu.