Kamila Valieva kafungiwa, wakubwa je?

Kila ikitajwa habari ya Kamila Valieva, yule binti wa Kazan, Urusi, anayeteleza kwenye barafu, jibu ni lile lile: alikutwa na dawa, kafungiwa, kesi imeisha. Kukutwa kweli alikutwa. Trimetazidine ni dawa ya wagonjwa wa moyo, michezoni imepigwa marufuku, na ule utetezi kwamba ilitoka kwa babu yake mahakama ya michezo CAS iliuona hautoshi. Wamarekani nao wana haki ya kulalamika, walishindana na timu ya Kamila kwenye Olimpiki ya Beijing Februari 2022, wakaja kuvishwa dhahabu yao ya timu Paris Agosti 2024, miaka miwili na nusu watu wanasubiri kilicho chao. Hapo sibishi, matokeo yafutwe na medali ziende kwa wenyewe.

Ila mimi nakwama kwenye siku 45, tangu kupimwa hadi majibu. Sampuli ilichukuliwa tarehe 25 Desemba 2021 St. Petersburg kwenye mashindano ya taifa, maabara ya Stockholm ikaja kutoa majibu 8 Februari, yaani siku moja tu baada ya Kamila kuwa mwanamke wa kwanza kuruka na kuzunguka mara nne hewani kwenye Olimpiki na timu yake kumaliza ya kwanza. Kawaida majibu yanatakiwa ndani ya siku kama 20. Ikasemwa korona imepunguza wafanyakazi, sawa, lakini WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, nao wakasema Warusi hawakuiwekea sampuli ile alama kwamba ni ya haraka, ya mtu anayekwenda Olimpiki. Hebu hesabu hapo ni wakubwa wangapi wamezembea. Majibu yangetoka katikati ya Januari huyu mtoto angebaki kwao, akalia chumbani kwake.

Badala yake tarehe 17 Februari, kwenye shindano la wanawake la mmoja mmoja, akaingia uwanjani akiwa anaongoza, kesi juu ya kichwa, dunia nzima inamtazama, akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akamaliza wa nne, na alipotoka tu kocha wake Eteri Tutberidze akampokea kwa kumuuliza kwa nini ameacha kupambana. Ana miaka 15 jamani! Mpaka leo ile video siwezi kuimaliza.

Wanaotetea adhabu wanasema ukimlegezea mtoto basi makocha wabaya watawageuza watoto ngao. Hoja nzito, naikubali. Lakini kanuni za WADA zenyewe zinampa aliye chini ya miaka 16 ulinzi maalum, halafu CAS ikasema kwa vile hakuweza kuthibitisha kwamba hakukusudia, ulinzi huo haumsaidii, na Januari 2024 wakampiga miaka minne sawa na mtu mzima. Mtoto anayekunywa anachopewa na watu anaowaamini atathibitishaje? Na kwenye hukumu ile aliyefungiwa ni yeye peke yake, hamna kocha hamna daktari, sasa kama hofu ni makocha mbona adhabu imewapita pembeni.

Kifungo kilihesabiwa kuanzia siku ya sampuli, kikaisha 25 Desemba 2025, akiwa na miaka 19. Na Juni 2022, miezi minne tu baada ya Beijing, shirikisho la dunia la mchezo huu, ISU, lilipiga kura, 100 kwa 16, kupandisha umri wa kushindana na wakubwa kutoka 15 hadi 17. Sheria hiyo ingekuwepo mapema, Kamila asingekanyaga Beijing kabisa.