Hejifandi haianzii kwenye CFA

Vijana wengi wa fedha Dar na Nairobi wana ramani ileile ya kufikia hejifandi, yaani mfuko binafsi unaowekeza pesa za matajiri na taasisi kwa mbinu nyingi, hata kwa kukopa: digrii, CFA (cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji), miaka kadhaa benki au kwa dalali wa hisa, halafu unafungua mfuko wako. Si ramani mbaya. Ila inakomea pale kazi inapoanzia, maana haisemi nani atakupa pesa zake, wala atakupa kwa ushahidi gani.

Vyeti havijibu swali hilo. Myron Scholes na Robert Merton walipewa Nobel ya uchumi mwaka 1997. Mwaka uliofuata Urusi ikashindwa kulipa madeni yake, na LTCM, mfuko waliokuwa wabia wake, ukiwa umekopa kupita kiasi, ukapoteza zaidi ya dola bilioni 4 ndani ya miezi michache. Benki 14 zikachanga dola bilioni 3.6 kuuokoa usiporomoke na wengine.

Njia ya Warren Buffett, mwekezaji bilionea wa Marekani, naipenda zaidi. Mwaka 1954 aliajiriwa New York na Benjamin Graham, mwekezaji aliyemfundisha Chuo Kikuu cha Columbia, na Graham alipostaafu mwaka 1956 akarudi Omaha. Akiwa na miaka 25 akaanzisha ubia wa watu saba waliochanga dola 105,000 hivi. Yeye alitia dola 100. Hao saba ni nani? Dada yake na shemeji, shangazi, baba mkwe, rafiki aliyeishi naye chuoni, mama wa huyo rafiki, na wakili. Kikoba cha ukoo, kwa kifupi! Baadaye masharti yake yakatulia hivi: ada ya usimamizi hakuna, faida ya hadi 6% kwa mwaka ni ya wenye pesa, ikizidi hapo anachukua robo ya ziada.

Linganisha na ile 2% ya mtaji kwa mwaka na 20% ya faida ambayo mameneja wa hejifandi wamezoea kutoza na kila mtu anaiota. Mfuko wa dola milioni 1 unakupa ada ya dola 20,000 kwa mwaka. Humo mtoe mkaguzi, mwanasheria, leseni, kodi ya ofisi na mhasibu, halafu uniambie wewe utakula nini. Faida nayo ina masharti. Mfuko ukishuka kutoka 100 hadi 80 lazima upande 25% ndipo urudi ulipokuwa, na kwa kawaida kabla ya hapo huruhusiwi kugusa ile 20%. Unaweza kufanya kazi miaka miwili bure huku wateja wakiomba pesa zao.

Kwa hiyo ningekuwa na miaka 23 leo, ningetafuta kazi mahali ambapo pesa za watu zinasimamiwa kila siku: UTT AMIS (kampuni ya serikali ya Tanzania inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja), mfuko wa pensheni, au meneja wa mifuko Nairobi. Na nisingekimbilia meza ya uchambuzi peke yake. Ningeomba nikae pia wanakopiga hesabu ya thamani ya kipande (sehemu moja ya mfuko anayomiliki mteja) kila jioni na kulinganisha vitabu na benki, kwa sababu makosa ya humo humfukuza mteja hata kama hisa ulichagua vizuri.

Pembeni ningewekeza pesa zangu mwenyewe, hata laki tano, na kuandika kila uamuzi kabla matokeo hayajajulikana: tarehe, bei, sababu kwa sentensi mbili, na jambo litakalonifanya niuze. Daftari hilo, pamoja na taarifa ya akaunti ya CDS (ile inayotunza hisa zako kielektroniki), ndiyo rekodi. Picha za simu za faida ya foreksi kwenye magrupu ya WhatsApp si rekodi, tuache utani.

Na kabla ya kupokea shilingi ya shangazi, nenda CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji Tanzania, au CMA kama uko Kenya, uulize leseni gani inahitajika. Tangu DECI, mpango wa upatu uliokusanya pesa za watu kwa ahadi ya faida kubwa, ifungwe mwaka 2009, Watanzania wengi wakisikia "nipe pesa nikuzalishie" wanakumbuka waliolizwa, na shangazi yako huenda ni mmoja wao.