Namba ya Baba Ipo, Anapigiwa Mama

Juzi tukiwa katikati ya kikao, simu ya mwenzangu wa kazini ikaita. Shule. Mtoto ana homa, aje achukuliwe. Akaomba radhi, akakusanya vitu vyake, na bosi akaguna kwa namna ambayo wanawake wenye watoto tunaijua. Nilichokuja kukisikia baadaye ndicho kilichonichefua: siku hiyo baba mtu alikuwa likizo, yuko nyumbani, karibu kabisa na shule, na kwenye fomu namba yake ndiyo iliyoandikwa ya kwanza. Mwalimu aliiruka. Hakutaka kumsumbua.

Kumsumbua! Kwa mtoto wake mwenyewe.

Kabla hamjanijia juu: najua wanaume wa siku hizi wanafua, wanapika, wanabadilisha nepi hata mbele za watu. Nawaona. Nawapongeza pia, ingawa mimi sijawahi kupigiwa makofi kwa kumwogesha mtoto. Lakini kilichogawanywa, tena kidogo, ni kazi ya mikono. Kazi ya kichwa imebaki palepale ilipokuwa.

Kazi ya kichwa ni kujua kwamba viatu vya mtoto vimeanza kumbana kabla hajalalamika. Ni kujua tarehe ya chanjo inayofuata, na kwamba sabuni iliyobaki ni ya kufulia mara moja tu, na kwamba fulana ya michezo ya kesho bado imo kwenye tenga la nguo chafu. Ni saa nne usiku, usingizi umeshaanza kukuchukua, ghafla unakumbuka watoto waliambiwa waende na gundi. Pembeni yako mtu anakoroma kwa amani. Asubuhi ataifuata hiyo gundi, tena mbio, bila kinyongo. Akitumwa.

Mwaka 2019 mwanasosholojia Allison Daminger alichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na wanandoa wa Marekani, akaigawa kazi hii katika hatua nne: kuona mapema kitakachohitajika, kutafuta njia za kukipata, kuamua, kisha kufuatilia kama kimefanyika. Wanawake walibeba mzigo mkubwa zaidi, hasa kwenye hatua ya kwanza na ya mwisho. Na kwenye kuamua? Hapo waume walikuwepo, karibu sawa kwa sawa. Wala sikushangaa. Penye kuhangaika huwaoni, penye kutoa kauli wamekaa viti vya mbele.

Ukilalamika unajibiwa, "Si ungeniambia tu?" Jamani, kuambia nako ni kazi! Ili nikuambie ni lazima nikumbuke, nipange, nichague saa ambayo hutanuna, kisha nikukumbushe bila kuonekana nagomba. Mtu huyohuyo anazo ratiba zote za mechi kichwani, anajua gari linatakiwa kumwagwa oili lini, na deni analomdai rafiki yake tangu mwaka juzi halijamtoka. Ikifika siku ya kliniki, kumbukumbu inakauka.

Na hii haiishii sebuleni. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba wanawake milioni 606 wa umri wa kufanya kazi walikuwa nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu ya malezi yasiyolipwa. Wanaume wenye sababu hiyohiyo walikuwa milioni 41. Claudia Goldin, aliyepewa Nobeli ya uchumi mwaka 2023, alionyesha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya pengo la kipato lililobaki kati ya wanawake na wanaume hujitokeza akishazaliwa mtoto wa kwanza. Bila shaka. Kila simu ya shule inamwongezea mtu mmoja doa kwa bosi, na siku ya kupandisha vyeo utasikia huyu mama ni mzuri ila "ana majukumu". Baba ana watoto haohao, sijui yeye wanamwita nani.

(Na mwanamke akipumua kidogo, mara nyingi ni kwa sababu kazi imehamia kwa mwanamke mwingine anayelipwa kiduchu. Hilo nalo lina siku yake.)

Msiniambie ni maumbile. Mwaka 1993 Norway iliwatengea akina baba wiki nne za likizo ya malezi, kwa sharti kwamba asiyezichukua zinapotea, hawezi kumwachia mama. Kabla ya hapo akina baba waliochukua likizo hiyo walikuwa wa kuhesabika. Miaka michache baadaye walio wengi wakawa wanaichukua. Maumbile yalibadilika kwa kifungu cha sheria!

Haya, nikubali kwa shingo upande: na sisi tuna letu. Tunamkabidhi mtu kazi huku tumesimama nyuma yake, tunakunja upya nguo alizokunja, tunamnyang'anya mtoto kwa sababu kamshika tofauti na tunavyomshika sisi. Tukimwachia, tumwachie na kukumbuka, na kufuatilia, na aibu yake. Mtoto akienda shule na soksi za rangi mbili, hatakufa. Na watu wakiuliza nani kamvalisha hivyo, wapewe namba ya aliyemvalisha wampigie.